Kutoka Swima Mpaka Kwenye Theluji: Feza ya Bima Inaenda Wapi?



Msafiri anayetoka Uvira kwenda Baraka kwa barabara namba 5 anapita Swima. Upande mmoja ni milima, upande mwingine Ziwa Tanganyika, na ng'ambo anaona milima ya Burundi. Watu wanalima mihogo, wanakamua mawese, na usiku wavuvi wanaingia ziwani na taa zao kutafuta ndagala. Baridi ya huku ni ile ya asubuhi tu, mvua ikiisha kunyesha. Jua likitoka, imekwisha.

Lakini pwani hii ya Fizi ina watoto wake pahali pa baridi ya kweli. Vita ya 1996 na ile ya 1998 zilivusha watu wengi mpaka Kigoma, katika kambi ya Nyarugusu. Toka kule wengi walipelekwa Marekani. Katika mwaka wa hesabu wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000. Mpango ule ulisimamishwa Januari 2025, lakini waliokwisha kufika wanaishi na kufanya kazi kule. Wengi wako Grand Rapids, mji wa jimbo la Michigan. Huko nako kuna ziwa kubwa, Ziwa Michigan, na upepo wa majira ya baridi ukipita juu ya maji yake unamwaga theluji nyingi juu ya mji.

Huku nyumbani manunguniko ni yale yale, kwenye pwani na hata kwenye machimbo ya Misisi: "Mutoto iko Amerika, anapata dola, mbona hatumi kitu?" Mtoto anajibu kwamba amelipa bima, yaani asiransi. Wazazi wanasema anadanganya. Basi tuitazame hiyo bima, kusudi tusihukumu bila kujua.

Sheria ya huku na ya kule

Bima si jambo geni kwetu. Sheria ya tarehe 5 Januari 1973 ilimlazimisha kila mwenye motokari katika nchi yetu kuwa na bima ya hasara anayoweza kuwaletea wengine. Kwa miaka mingi SONAS peke yake ndiyo iliyoiuza, mpaka sheria ya tarehe 17 Machi 2015 ilipofungulia kampuni nyingine mlango. Sheria ya Michigan nayo ilianza mwaka ule ule, tarehe 1 Oktoba 1973. Kule polisi akikusimamisha, anataka kuiona bima, kwenye karatasi au kwenye simu. Asiyekuwa nayo anaweza kutozwa dola 200 mpaka 500, au kufungwa hata mwaka mmoja. Tena mwenye gari lisilo na bima akiumia ndani yake, anapoteza haki ya kulipiwa matibabu na bima ya magari.

Mtu atauliza: kwa nini asitembee kwa miguu? Kiwanda kinaweza kuwa mbali, zamu inaanza kabla ya mapambazuko, na njia imejaa barafu. Kwa wengi kule gari ni chombo cha kazi, kama sururu kwa mchimbaji.

Mambo matatu ndani ya bima moja

La kwanza ni matibabu. Kule bima yako ndiyo inayokutibu wewe, hata kama kosa ni la mwingine. Tangu tarehe 2 Julai 2020 mtu anachagua kiasi: bila mpaka, dola 500,000 au dola 250,000, na aliye kwenye Medicaid, msaada wa serikali wa matibabu, anaweza kuchagua 50,000 kwa masharti. Kiasi kikishuka, bei inashuka. Lakini hospitali ikidai zaidi, deni linaweza kumwangukia mgonjwa mwenyewe.

La pili ni hasara ya wengine. Sheria imeweka dola 250,000 kwa mtu mmoja na 500,000 kwa ajali nzima. Mtu anaweza kutia sahihi apunguze, lakini asishuke chini ya 50,000 na 100,000.

La tatu ni gari lako mwenyewe. Hili sheria hailazimishi, ila waliokukopesha feza ya gari watalidai. Gari likiteleza kwenye barafu na kugonga mti, asiyelipia sehemu hii atalitengeneza kwa feza yake. Aliyelipia naye anatoa kwanza kiasi walichopatana. Tuseme matengenezo ni dola 3,000 na mapatano ni 1,000: yeye anatoa 1,000, kampuni inatoa 2,000.

Kuna na bima ya mpangaji. Sheria haimlazimishi, lakini mwenye nyumba anaweza kuidai. Baridi ikigandisha maji, bomba linapasuka. Bima ya mwenye nyumba inatengeneza ukuta. Godoro na nguo zako haizijui. Na anayesafiri asizime moto wa nyumba, kwa maana kampuni inaweza kukataa kulipa.

Bei inapimwaje?

Wanatazama umri, miaka ya kuendesha, ajali zilizopita na aina ya gari. Kwa hiyo kijana na mgeni mara nyingi wanalipa zaidi. Wengine wanashawishika kuandika anwani ya rafiki anayekaa pahali pa bei nafuu, au kumficha kijana wa nyumbani anayeendesha gari lile. Siku ya ajali kampuni ikigundua, inaweza kuvunja mapatano, na feza yote iliyolipwa haitamsaidia kitu.

Sisi tunajua kuchangiana. Shimo likianguka, wenzake wa kazi wanakusanya feza ya matanga. Akina mama wana likirimba yao. Lakini mchango wa matanga unakuja baada ya msiba, na unatoka kwa wanaokujua. Kule mtu wetu ni mgeni asiye na ukoo wa kumsimamia. Analipa mbele, kila mwezi, na mwezi akiukosa bima inaweza kukatika.

Basi wazazi, kabla ya kuomba, muulizeni mtoto kwanza: "Umeisha kulipa bima?" Na ninyi vijana mlio kule, msitie sahihi karatasi msiyoielewa. Ombeni mkalimani wa Kiswahili, mwulize kila mstari, hata kama mwuzaji ana haraka.