Nilimjibia Mdogo Wangu

Mdogo wangu aliumwa jino kwa miezi, na aliyemzuia asitibiwe ni mimi. Simsingizii mtu.

Ana ulemavu wa akili tangu malaria ilipompanda kichwani utotoni. Maneno yake ni machache, kwa hiyo hapa Lamadi mimi ndiye ninayemsemea: sokoni, kanisani, hata pale njia panda ya Bariadi wanapomtania makondakta. Nilizoea mno kazi hiyo. Alipoanza kujipiga shavu usiku na kusukuma sahani ya ugali, majirani walinong'ona kuwa karogwa. Mimi niliyejiona msomi nikasema ulemavu umezidi. Kati yetu sote hakuna aliyemchungulia mdomoni.

Zahanati nilimpeleka, tena mapema. Mhudumu alimgeukia yeye: "Kijana, unaumwa wapi?" Nikadakia: "Huyu haongei, daktari. Ndivyo alivyo. Nisaidie tu dawa ya kumtuliza." Tukapewa. Akawa anashinda amelala, nami nikauza dagaa wangu kando ya barabara ya Musoma bila bughudha. Niseme lote: ule ukimya niliufurahia.

Shavu lilipovimba hadi jicho likafumba ndipo tulipopanda basi la Mwanza. Daktari wa meno hakuniuliza mimi kitu. Alifungua mdomo wake mwenyewe, akagusa meno yake moja moja, akamwonyesha mdogo wangu afanye vilevile. Mdogo wangu akagusa la nyuma, chini kushoto, akalia. Lilikuwa limejaa usaha.

Kosa hili madaktari wanalijua vizuri: kila dalili ya mgonjwa wa namna hii hubebeshwa ulemavu wake. Asiyeweza kusema anaumwa husema kwa kujipiga, kung'ata, kususa chakula. Chanzo huweza kuwa jino, sikio, hata choo kigumu tu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, ikatunga sheria yake mwaka 2010. Haki ya matibabu humo ni ya mgonjwa, si ya dada anayemshika mkono.

Nimemwomba radhi. Sijui kama alinielewa, alikuwa anakula.

Wewe uliye na ndugu kama huyu, akibadilika ghafla mkague meno na masikio kwanza. Na daktari akimuuliza, nyamaza.