Barua kutoka Sant'Agata Bolognese

Kaka,

Nakuandikia kutoka Sant'Agata Bolognese, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, si mbali na Bologna. Nchi huku ni tambarare, mashamba yamekizunguka kiwanda. Wala si ajabu: Ferruccio Lamborghini alitajirika kwa kuunda matrekta kabla ya kuanzisha kampuni ya magari mwaka 1963.

Nimeiona Miura, gari la Lamborghini, na nimeikagua kwa niaba yako. Kimo chake ni sentimita 105 tu. Sehemu yote ya nyuma, pamoja na madigadi yake, hufunuliwa kwa mkupuo mmoja, ukaiona injini ilivyojibana nyuma ya viti, mbele ya ekseli. Kati ya kisogo cha dereva na kabureta za Weber kuna kioo tu.

Faida ya mpangilio huo unaijua: uzito ukikaa katikati, gari hukata kona kwa wepesi. Kwenye mashindano hilo lilishajulikana. Mwaka 1959 Jack Brabham alitwaa ubingwa wa dunia kwa Cooper, injini ikiwa mgongoni mwake. Ila injini ya Lamborghini, kazi ya Giotto Bizzarrini, ilikuwa ndefu: silinda 12, karibu lita 4. Ukiipanga kufuata urefu wa gari, giaboksi utaiweka wapi? Gian Paolo Dallara na Paolo Stanzani, vijana ambao wakati huo hata miaka 30 walikuwa hawajatimiza, waliikingamisha, kama Alec Issigonis alivyofanya kwenye Mini, kile kigari cha Waingereza. Giaboksi nayo wakaiunganisha na bloku.

Hapa najua utaguna: injini na giaboksi zinatumia oili moja! Chuma kikisagika kwenye gia, chenga zake zinazunguka na oili ya injini. Oili zilikuja kutenganishwa kwenye baadhi ya Miura SV, toleo la mwisho. Na tangi la mafuta liko mbele, kwa hiyo mafuta yakipungua pua inakuwa nyepesi, na kwenye mwendo mkali gari linataka kunyanyuka.

Novemba 1965 walipeleka chasisi tupu kwenye maonyesho ya Torino. Marcello Gandini wa kampuni ya Bertone, kijana wa miaka 27, akaichorea bodi, na Machi 1966 gari zima likasimama Geneva. Miezi minne, kaka!

Wageni hapa wanapiga picha bodi. Mimi nasema sifa ianzie kwa mafundi: kama injini isingekingamishwa, Gandini asingepata gari fupi namna ile la kuchora. Lakini lile la oili halijaniingia. Ungekuwa wewe, ungekubali kuzichanganya ili gari liwahi maonyesho, au ungemwambia tajiri asubiri? Nijibu kabla sijaondoka Bologna, na wasalimie wote hapo gereji.

Mdogo wako