Mlima wa Bugarama: Baiskeli Ipande Garini, Isivutwe na Lori

Msafiri atokaye Bujumbura kwenda Kayanza, au Gitega ambao tangu 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, au Kigali katika nchi ya Rwanda, hana namna ya kuukwepa mlima. Jiji la Bujumbura limekaa ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Taifa Nambari 1 huuacha uwanda wenye joto na michikichi, huanza mara kujipinda vilimani, na baada ya kilomita zipatazo 35 humfikisha msafiri Bugarama, mahali palipo juu zaidi ya mita 2,000. Aliyeondoka mjini akijipepea hufika huko akitafuta sweta.

Sehemu hiyo ni mgongo wa nchi. Mvua inayonyesha upande wa magharibi huteremka kwenye Ziwa Tanganyika, na maji ya ziwa hilo hutoka kwa mto Lukuga hadi mto Kongo na bahari ya Atlantiki. Mvua ya upande wa mashariki huingia mto Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Viktoria, na mwisho wake ni mto Nile. Kando ya barabara, ukungu ukiisha kuinuka, mtu huona kabeji, karoti, viazi na vitunguu vimepangwa tayari kwa wanunuzi. Watu wa uwandani wanahitaji chakula cha mlimani, na watu wa mlimani wanahitaji fedha za mjini. Kati ya mahitaji hayo mawili, chombo kinachofanya kazi kubwa pasipo kelele ni baiskeli.

BAISKELI INAYOSHUKA

Asubuhi na mapema vijana huteremka kutoka vilimani na mikungu ya ndizi, mitatu, minne au zaidi, imefungwa nyuma na pembeni hata magurudumu yakakaribia kufichwa. Wengine huchukua makaa, na wengine mboga. Baiskeli zenyewe ni zile nzito za chuma zisizo na gia, zijulikanazo kote Afrika Mashariki. Hazikuundwa kwa mlima, lakini mwenye shida hachagui chombo.

Katika kushuka huko hakuna haja ya kukanyaga. Kazi yote ni ya breki. Hapo ndipo ielekeapo hatari ya kwanza, kwa maana mwendo ukizidi mara mbili, umbali unaohitajiwa ili kusimama huzidi mara nne. Baiskeli iliyoweza kusimama katika hatua tano ikienda polepole, itahitaji hatua ishirini mwendo ukiongezeka maradufu. Mipira ya breki hupata moto na kulika upesi, na rimu ikilowa maji ya mvua breki hushika kwa kuchelewa. Kwa sababu hiyo mwendeshaji mwenye busara hukagua mipira ya breki kabla ya kuondoka, hupunguza mkungu mmoja, na husimama njiani mara kwa mara ili rimu zipoe.

BAISKELI INAYOPANDA

Ndizi zikiisha kuuzwa, baiskeli ni tupu na mlima unangoja. Hapo ndipo mgeni anapoona jambo la kumshangaza. Malori yaliyotoka bandari ya Dar es Salaam na mizigo, yakiisha kuiteremsha Bujumbura, hurudi yakipanda mlima uleule. Nyuma yake huonekana vijana wawili, watatu, pengine watano, kila mmoja juu ya baiskeli yake, mkono mmoja umeshika usukani na mkono mwingine umeshika chuma cha lori. Lori linawavuta wote hadi juu.

Ni rahisi kwa aliyeketi ndani ya gari kuwaita vijana hao wendawazimu. Lakini ingefaa kwanza afanye hesabu wanayoifanya wao. Anayesukuma baiskeli kwa miguu mlimani, akienda kilomita nne kwa saa, atatumia karibu saa tisa kufika Bugarama. Lori likienda kilomita 20 kwa saa litafika kwa muda usiotimia saa mbili. Kwa mtu wa kipato kidogo, tofauti hiyo ni siku nzima ya kazi. Anayeshika lori anafika nyumbani kabla ya giza na kesho anashuka tena. Asiyeshika hulala njiani, au hupoteza siku ya pili. Kwa hiyo hawashikilii lori kwa ajili ya mchezo. Wanalishikilia kwa sababu hawajaona njia nyingine ya kuiokoa siku yao.

Hata hivyo, hesabu hiyo imeacha upande mmoja. Mkono mmoja ukiwa umeshika lori, breki ya upande huo haina mtu wa kuibana. Macho yote yanatazama bodi la lori, kwa hiyo shimo la barabarani halionekani mpaka gurudumu limekwisha kuingia. Dereva akifunga breki ghafla, kijana hugonga chuma. Akikosa kuingiza gia na lori likarudi nyuma japo mita mbili, walio nyuma hawana pa kwenda. Kwenye kona, magurudumu ya nyuma ya tela hukata upande wa ndani, na aliyejishikiza ubavuni hubanwa kati ya tela na ukingo. Na penye tambarare fupi, lori lililokuwa likijikokota huongeza mwendo. Kushikilia ni hatari, na kuachilia nako ni hatari.

Wala dereva hapaswi kudhaniwa kuwa anaona kila kitu. Burundi magari hupita upande wa kulia wa barabara, na Tanzania upande wa kushoto. Dereva wa lori lililosajiliwa Tanzania ameketi kulia, karibu na ukingo wa barabara ya Burundi, na ubavu wa kushoto ataujua kwa kioo tu. Nyuma kabisa ya tela, hata kioo hakimwonyeshi kitu.

Sheria imelitambua jambo hili zamani. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani, katika kifungu cha 27, wakataza mwenye baiskeli kukubali kuvutwa na chombo kingine. Hata katika michezo ni mwiko. Mwaka 2015, katika mashindano makubwa ya baiskeli ya Hispania, bingwa wa Italia Vincenzo Nibali aliondolewa mashindanoni kwa kushika gari la timu yake. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, na ilikuwa mara ya kwanza kuja Afrika. Katika mashindano ya namna hiyo, kila gari la timu hubeba baiskeli za akiba juu ya paa, kila moja imebanwa mahali pake isitikisike. Je, baiskeli inayolisha nyumba ya watu sita haistahili heshima kama ile ya bingwa?

NJIA ILIYO SALAMA

Dawa, basi, ni kuigeuza baiskeli iwe mzigo. Ipande juu ya gari, ifungwe, ilipiwe, na mwenyewe aketi ndani kama abiria. Vijana watano wakichanga nauli ya gari dogo la mizigo na ya abiria, kila mmoja atatoa kidogo kuliko gharama ya mguu uliovunjika. Nao wenye magari, ambao mara nyingi huukataa mzigo wa baiskeli kwa kuogopa kukwaruziwa rangi, wangeukubali kama ungefungwa ipasavyo. Kufunga huko si elimu kubwa, bali kunahitaji utaratibu.

Kwanza, ondoa kila kitu kinachoweza kuanguka: pampu, kikapu, taa na mfuko wa spana. Kisha fungua pedali. Ya kulia hufunguliwa kinyume cha mwendo wa saa, kama skrubu nyingine, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kufuata mwendo wa saa. Wengi wameiharibu ya kushoto kwa kutoijua siri hiyo. Legeza nati ya usukani, uulaze sambamba na fremu. Baiskeli iliyokuwa na mabawa sasa imekuwa nyembamba kama ubao.

Pili, ilaze juu ya keria upande wa mnyororo ukitazama juu. Tandika gunia chini yake, na gunia jingine kati ya baiskeli na baiskeli. Funga mahali patatu: fremu na magurudumu yote mawili kwenye rimu. Usifunge kwa kushika spoki, madigadi wala nyaya za breki, kwa maana hivyo hupinda au kukatika.

Tatu, angalia kamba. Watu wengi hupenda vipande vya mpira wa ndani wa tairi, na mafundi wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, hawakosi kuwa navyo. Mpira ni mzuri kwa kukaza, lakini hunyumbuka; gari likiruka shimo, na mzigo nao huruka. Kwa hiyo kamba isiyonyumbuka itangulie kushika, na mpira ufuate juu yake kuondoa ulegevu. Baada ya kilomita tano za kwanza, gari lisimame mahali salama na kila fundo likaguliwe upya, kwani mtikisiko wa mwanzo ndio unaofichua fundo lililo dhaifu.

Nne, uzito uwe wa kadiri. Baiskeli moja ya chuma ni kiasi cha kilo 20, na tano hufikia kilo 100 juu ya paa. Uzito wa juu hulifanya gari lilale zaidi penye kona, na barabara ya Bugarama ni kona tupu. Baiskeli zikizidi, zipakiwe ndani ya gari la wazi la mizigo, ambako uzito hukaa chini. Zinapofungwa nyuma, zisifunike taa wala namba ya gari. Na watu wasikae juu ya mizigo kuishikilia, kwa kuwa mzigo unaohitaji kushikiliwa na mtu haujafungwa.

Mwisho, baiskeli ikiteremshwa isipandwe papo hapo. Nati ya usukani ikazwe, pedali zirudishwe, upepo ujazwe, na breki zijaribiwe kwa kusukuma baiskeli hatua chache. Mteremko wa kesho hautamsamehe aliyesahau.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mwezi Machi 2022 wakuu wa Burundi walizuia baiskeli, pikipiki na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura. Agizo hilo lilihusu msongamano wa mjini. Mlima ulibaki vilevile, na ndizi bado zinateremka. Kumkemea kijana pekee hakutoshi, kwa sababu njaa haikemewi. Mwenye gari atenge nafasi ya baiskeli kwa nauli ya haki. Dereva wa lori na utingo wake, wakisimama chini ya mlima, washuke watazame nyuma kabla ya kuondoka. Na waliobaki nyumbani, wanapohesabu fedha za ndizi jioni, wasiulize kiasi tu, bali waulize pia zimerudije.

Fedha ya nauli ya gari huonekana imepotea siku ile inapotolewa. Thamani yake huonekana baadaye, siku ambayo baba ama kaka anaegemeza baiskeli ukutani akiwa mzima, naye anaomba maji ya kunawa ili ale na wanawe.