Sabufa ya Wati 8,000



Juma hili tunaanza na ungamo. Miaka miwili iliyopita tulitoka huku Muleba, tukaenda Bukoba mjini kuinunulia sabufa kwaya ya kigango chetu kimoja. Fedha ilikuwa ya waamini: sadaka ya mavuno, msimu wa kahawa. Dukani, kijana muuzaji alituonyesha boksi lenye maandishi ya rangi ya dhahabu: wati 8,000 PMPO. Akaunganisha simu yake, akafungulia sauti, vioo vya kabati vikatetemeka. "Padre," akasema, "hii ukiifungulia Muleba, Kemondo wanacheza." Tulicheka, tukalipa, tukapakia.

Hatukuigeuza nyuma. Huko, karibu na waya wa umeme, palikuwa na kibandiko kidogo kilichosema kifaa hutumia wati 60. Basi, pasi ya umeme ya nyumbani hutumia kama wati 1,000. Kama sabufa ile ingetoa kweli wati 8,000, ingehitaji umeme wa pasi nane zilizowashwa kwa pamoja, na waya wake usingekuwa mwembamba kama kamba ya kiatu. Herufi zile PMPO hutaja nguvu ambayo mtengenezaji anadai hufikiwa kwa kufumba na kufumbua tu, wala hakuna kipimo kimoja kinachowabana watengenezaji wote, hivyo kila mmoja huandika tarakimu inayompendeza. Sisi tuliosomeshwa falsafa kwa miaka, tukafundishwa kutenganisha kionekanacho na kilichopo, tulishindwa na boksi.

Hasara ya fedha, hata hivyo, si kubwa. Kubwa ni kwamba pamoja na sabufa ilikuja flashi yenye midundo iliyokwisha kurekodiwa: kinanda, gitaa na ngoma, vyote tayari, kwaya iimbe juu yake tu. Ngoma yetu ya ngozi ikapelekwa stoo. Mzee aliyeipiga tangu kabla sisi hatujapewa upadre hakuambiwa aondoke. Hakuambiwa abaki pia. Dominika ya tatu hakuonekana kwenye benchi la kwaya, nasi tukasema ni magoti yake.

Tulijiuliza baadaye ni lini tulianza kuamini kuwa muziki hununuliwa dukani. Oktoba 2001 kampuni ya Apple ya Marekani ilitangaza iPod kwa ahadi ya nyimbo 1,000 mfukoni. Miaka ileile sisi tulikuwa waseminari Ntungamo, na habari ya iPod haikutufikia. Kilichotufikia ni kaseti ya Saida Karoli, binti wa hukuhuku Bukoba, aliyeimba kwa Kihaya hata watu wa Dar es Salaam wasiojua neno la Kihaya wakaimba naye. Redio ilikuwa moja. Betri zilipochoka tulizianika juani juu ya bati, na utepe uliolegea tuliukaza kwa kalamu. Mtu mmoja akitaka kusikiliza, walisikiliza kumi na watano. Wawili kati yao walilalamika, mmoja alipiga meza, na mlezi akipita sote tulikuwa tunasoma Mtakatifu Tomaso.

Lakini tusiipambe kaseti kuliko ilivyostahili. Katika nyumba nyingi tulizokulia, redio ilikuwa ya baba. Baba akiondoka, ilifungiwa chumbani; akirudi, alichagua yeye. Mama aliusikia muziki akiwa jikoni, kupitia ukutani, na wimbo alioupenda ulikatizwa pasipo kuulizwa. Simu ya mkononi iliwapa akina mama wengi, kwa mara ya kwanza, mamlaka ya kuchagua wimbo. Mhubiri anayezilaani simu kutoka mimbarini na alikumbuke hilo.

Mwaka 2016 ulitufundisha zaidi. Usiku wa tarehe 16 Juni, mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini. Wengi walikuwa wamezinunua kwa sifa: laini mbili, spika kubwa, antena ya televisheni. Asubuhi hazikuweza kupiga wala kupokea, ila nyimbo zilizokuwa kwenye kadi ziliendelea kulia. Tarehe 7 Septemba, Apple ilionyesha simu mpya isiyo na tundu la visikizio, na mkuu wake wa masoko akaieleza hatua hiyo kuwa ni ujasiri. Siku tatu baadaye, Jumamosi alasiri, ardhi ya Kagera ilitetemeka kwa kipimo cha 5.9. Zaidi ya watu kumi na watano walifariki, na nyumba nyingi zikabomoka.

Usiku ule watu walilala nje, chini ya migomba, kwa kuogopa kurudi ndani. Tulipita tukiwatazama. Katika ua mmoja tulimkuta mama mjane mwenye simu iliyozimwa mwezi Juni. Ndani yake mlikuwa na nyimbo za kwaya, na sauti yake ilikuwa ndogo mno. Kwa sababu ilikuwa ndogo, majirani walisogea. Watoto walinyamaza ili isikike. Tulikaa nao mpaka chaji ikaisha. Mwezi huohuo Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", iliyojengwa juu ya wimbo wa Saida, na vijana wetu wakausikia kila mmoja kwa simu yake.

Jambo moja zaidi kuhusu simu. Sauti nzito ya ngoma huhitaji kusukuma hewa nyingi, na spika ndogo kuliko sarafu haiwezi. Ukirekodi ngoma ukaisikiliza kwa simu, utasikia mpigo wa juu, tik, tik, na kile kishindo kinachoingia kifuani hakimo. Tuna watoto wa Komunyo ya Kwanza wanaodhani ngoma hulia hivyo.

Sabufa ilinyamaza mwaka huu, katikati ya Utukufu. Kwaya ilisita. Walikuwa wamesahau kuanza bila mashine. Kimya kilikuwa kirefu, hata akina mama wa nyuma wakaanza kupiga makofi, taratibu, na wimbo ukasimama tena kwa miguu dhaifu.

Jumatatu tulikwenda kwa mzee. Alikuwa anapalilia kibanja, magoti yake mazima kabisa. Alitukaribisha, akatuletea kiti, naye akabaki amesimama.

"Kumbe mashine ikifa, Padre, ndipo mnanikumbuka."

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba radhi kwa kuitupa kazi yake stoo bila hata kumwambia asante. Alitazama jembe lake kwa muda, kisha akauliza:

"Ngozi ikoje? Panya hawajaitoboa?"

Walikuwa wameitoboa. Alituagiza ngozi mpya, akataja ya mnyama gani na wa umri gani, na akasema hatakuja mpaka aione. Tumeipeleka, akaigeuza huku na huku, akaiwamba mwenyewe.

Sabufa imerudi kutoka kwa fundi, itatumika kwa matangazo. Mazoezi ya kwaya ni Jumamosi saa kumi jioni. Vijana wawili wanaotaka kujifunza ngoma wafike saa tisa, kwani mzee hapendi kusubiri.