Panya Aliyenusa Makohozi Yangu

Naandika haya nikiwa nyumbani Lizaboni, hapa Songea, mzima wa afya. Nakuandikia wewe ambaye kikohozi hakikuachi, na ulipopima ukaambiwa huna kitu. Mimi nilipita huko huko, na Mungu akanivusha kwa njia ambayo nisingeiamini kama ningesimuliwa.

Nilikwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Nilifikia kwa kaka yangu Temeke, nikawa mama lishe, napika wali maharage kando ya barabara. Wanangu wawili walibaki Lizaboni na bibi yao. Nilichopata nilituma nyumbani, na mama akanitumia unga wa mahindi kwa basi.

Kikohozi kilianza kama mafua. Nikasema ni moshi wa mkaa. Nikanywa tangawizi na malimau, nikanunua dawa dukani. Wiki zikapita. Jioni homa, usiku jasho, shuka unaweza kuikamua. Nguo zote zikawa kubwa. Wateja nao wakahamia kwa jirani, maana nani atakula kwa mpishi anayekohoa?

Kaka akanipeleka zahanati. Nikatoa makohozi, yakapimwa kwa darubini. Jibu likaja kwamba sina kifua kikuu. Tulifurahi sana. Nikapewa dawa nyingine, nikamaliza dozi. Kikohozi kikabaki palepale.

Halafu ikaja damu.

Ilikuwa usiku. Nilikohoa, nikaangalia kitambaa. Chekundu. Nikazima taa. Sikutaka kuona tena. Sikumwita mtu. Nilikaa sakafuni, mgongo ukutani, kwa sababu nikilala nilikosa pumzi. Nikaanza Salamu Maria. Sikufika mwisho. Kifua kilibana. Nikawaza mwanangu mdogo, hata shule hajaanza. Nikasema, Mungu wangu, kama ni kufa, nisifie huku.

Asubuhi wifi alikiona kile kitambaa. Hakuniuliza. Alikoroga uji, akakaa pembeni yangu mpaka nikaumaliza. Kaka akaanza kutafuta nauli ya kunirudisha Songea. Hakusema ni ya kwenda kutibiwa au ya kwenda kuzikwa. Mama akapiga simu: "Mwanangu, jumuiya yote wanakusalia rozari. Usikate tamaa." Nilishindwa kumjibu.

Kabla nauli haijatimia, akaja kijana mmoja wa kujitolea, mwenyewe aliwahi kuugua TB akapona. Akasema, "Dada, makohozi yako yamepimwa mara ya pili. Una TB, na inatibika. Twende ukaanze dawa." Nikamuuliza ni nani aliyepima tena. Akatabasamu. "Panya."

Nilidhani ananitania. Kwetu Lizaboni panya ni adui wa mahindi. Panya buku ndiyo kabisa, tunamtegea na kumchimbua shimoni, na huku kusini wapo wanaomla. Kumbe kuna shirika, APOPO, lililoanzishwa Ubelgiji mwaka 1997, na tangu mwaka 2000 liko Morogoro pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Linawafundisha panya buku kunusa. Zahanati huwapelekea makohozi yaliyokwisha kupimwa. Darubini huhitaji vijidudu vingi, kama 10,000 katika mililita moja, ndipo ivione. Vikiwa vichache, mgonjwa anaambiwa hana. Panya hatafuti kwa macho, maana macho yake ni dhaifu. Ananusa harufu ya vijidudu vyenyewe. Sampuli 100 anazimaliza kwa dakika 20 hivi, kazi ambayo mtaalamu mwenye darubini ingemchukua siku kadhaa. Akishaonyesha sampuli, watu wa maabara wanaihakiki, ndipo mgonjwa anatafutwa. Mimi nilitafutwa.

Dawa ni bure, lakini safari ni ya miezi 6. Miezi 2 ya mwanzo dawa za aina nne zilizounganishwa kwenye kidonge, miezi 4 iliyobaki aina mbili. Mkojo uligeuka rangi ya machungwa, nikaogopa upya, nikaambiwa ni dawa. Kichefuchefu kilinitesa. Wifi alisimama na kikombe cha maji kila asubuhi, haondoki mpaka nimemeza.

Vipimo vilipoonyesha siambukizi tena, nikapewa uhamisho nikamalizie dawa Songea. Kaka akanisindikiza, na njiani tukashuka Morogoro, maana nilitaka kuwaona hao panya. Mkufunzi alimwita panya wake kwa jina, yule akampanda begani. Ndani ya kizimba cha kioo alipita tundu moja hadi jingine, na penye ugonjwa akatuliza pua kama sekunde 3. Kikalia kidude, klik, akapewa ndizi iliyopondwa. Tukaelezwa kwamba wanalelewa mikononi mwa watu tangu wanapofumbua macho, wanafundishwa miezi 9 hivi, na wakizeeka wanastaafu na kutunzwa hadi kufa. Kaka alicheka. Mimi nililia.

Baadaye nikasikia habari za Magawa, panya aliyezaliwa Morogoro, akapelekwa Kambodia kunusa mabomu ya ardhini. Alifichua zaidi ya 100, mabomu na vilipuzi vingine ambavyo havijalipuka. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimtunuku nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022. Nilimwambia mama kwamba huyo ni ndugu yake yule aliyeninusa. Mama akasema Mungu hakuumba kiumbe cha bure.

Nilimaliza dawa. Wanangu wote wanasoma. Lakini sikufichi: hadi leo nikikohoa usiku, nawasha taa, naangalia kitambaa kwanza.

Ndugu yangu, kama unakohoa wiki mbili au zaidi, unatoka jasho usiku na unakonda, nenda kapime. Ukiambiwa huna na bado unaumwa, rudi uombe kipimo kingine. Songea hatuna hao panya, lakini hospitali kubwa zina mashine ya GeneXpert inayoona kile ambacho darubini inakikosa. Ukianza dawa, usiache hata ukijisikia umepona. Waambie wa nyumbani, usikae na kitambaa chako gizani. Nenda kesho asubuhi.