Yaliyomo yanatutoa jasho

Najua nimepotea kidogo. Ni msimu wa ripoti za utafiti, mwaka wa tatu wote tunahaha, kila kimbweta laptop na chaja.

Leo naongelea ukurasa ambao hakuna anayeusoma ila kila mtu unamtesa: ule wa Yaliyomo.

Juzi usiku rumeti wangu karudi toka steshenari na kurasa 64 zilizochapwa. Hela ya mwisho ya bumu hiyo. Kufungua Yaliyomo, mahali pa namba za kurasa pameandikwa kwa wino mzito "Error! Bookmark not defined." Mstari wa kwanza hadi wa mwisho! Na mchana kwenye skrini namba zilikuwepo. Akaniuliza, "Shosti, hii nampelekeaje madam?" Siku ya mwisho ya kukusanya ni kesho yake. Kijana wa steshenari alishamtajia elfu tano ili amwandikie namba upya. Nikamwambia asitoe hata mia.

Sasa sikilizeni. Yaliyomo yanayotengenezwa na Word si maandishi ya kawaida, ni viungo. Programu inaweka alama iliyofichwa kwenye kila kichwa cha habari, na kila mstari wa Yaliyomo unaelekea kwenye alama yake. Ndiyo maana ukishikilia Ctrl ukabofya mstari, unarushwa mpaka sura ya tatu. Ukikopi Yaliyomo peke yake ukayapeleka kwenye faili lingine, mistari inahama, alama zinabaki kule kule. Una anwani, nyumba hakuna.

Ndicho kilichompata. Kurasa za mwanzo ziko faili moja, sura ziko faili lingine. Kwake namba za zamani zilionekana tu kwa sababu hakuna aliyezigusa. Kompyuta ya steshenari imewekwa ihuishe viungo kabla ya kuchapa, ikatafuta alama, ikakosa, ikaandika kilio chake.

Tulifanya hivi. Tukaunganisha mafaili yawe moja. Vichwa vya sura tukavipa mtindo wa Heading 1, vijisehemu Heading 2. Maana kukoza wino na kukuza herufi tu hakutoshi, Word haijui kuwa hicho ni kichwa. Tukafuta Yaliyomo ya zamani, tukaweka mapya kupitia References. Ukibadilisha kitu baadaye, bofya ndani ya Yaliyomo, bonyeza F9, uchague kuhuisha jedwali zima, si namba pekee. Tukakagua namba kama zinalingana na kurasa zilizokwishachapwa. Zililingana.

Halafu tukahifadhi kama PDF kwa Save As. Ukipitia njia ya kuchapa, kama Microsoft Print to PDF, viungo vinakufa, na madam anataka nakala ya kwenye kompyuta ambayo akibofya sura inafunguka. Tena PDF steshenari hawaihuishi, inatoka kama ulivyoiacha.

Asubuhi tukachapa upya kurasa mbili tu. Ripoti ikaingia saa nne.

Kinachoniuma ni hiki. Mwaka wa kwanza tulisoma kozi ya kompyuta, tukakariri vizazi vya kompyuta mpaka tukaota. Hili la dakika kumi hakuna aliyetuonyesha. Matokeo yake kila mwaka bumu linaishia steshenari kwa kitu ambacho mtu angefanya mwenyewe kitandani. Na sisi ndio walimu wa kesho jamani! Tukifika shuleni, mitihani na ripoti tutatupiwa sisi tuchape. Kama hatujui, tutamfundisha nani?

Basi Jumamosi saa kumi jioni nitakuwa kwenye vimbweta vya chini ya mwembe. Njoo na laptop na faili lako, lote liwe moja, tulitengeneze ukiwa umeshika mausi mwenyewe. Bure kabisa. Ila ukija na karanga sitakufukuza.

Tuko pamoja!