Kutoka Dar es Salaam hata Jeddah: Masafa na Saa

Ndugu msomaji, itandaze ramani ya dunia mbele ya watoto wako. Weka kidole juu ya Dar es Salaam, kisha ukipeleke kaskazini bila ya kukipinda. Kitapita Kenya, kitavuka milima ya Ethiopia, kitateremka karibu na Massawa, kisha kitakata Bahari ya Sham na kufika Jeddah, bandari ya Makka. Miji hii miwili imo karibu katika mstari mmoja, nyuzi 39 mashariki. Ndiyo sababu misikiti ya Dar es Salaam huelekea kaskazini, na saa za miji hiyo ni moja.

Masafa baina yao, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 3,160 hivi. Ndege isiyotua njiani huyamaliza kwa saa nne na nusu au karibu yake. Ukiondoka saa mbili asubuhi, utashuka yapata saa sita na nusu mchana.

Wazee wetu waliokwenda kwa jahazi walingoja kwanza upepo wa kusi, kisha wakakaa baharini majuma mengi. Taabu yao ilikuwa kubwa, lakini walikuwa na muda: asiyejua nguzo za Hija aliweza kuzisoma kwa anayejua kabla ya kuiona nchi kavu. Sisi tumepewa wepesi, na muda ule tumeupoteza.

Nilisafiri na mzee mmoja aliyetia nguo zake za ihramu ndani ya sanduku kubwa, nalo likapakiwa chini ya ndege. Alidhani atahirimia Jeddah. Lakini Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wa Yemen, na kila apitaye njia yao, mikati ya Yalamlam, iliyo kusini ya Makka. Ndege itokayo kwetu huifikia sambamba yake kabla ya kutua. Mzee hakutia nia, na mikati ikampita angani. Aliposhuka aliambiwa arejee mikati, na akishindwa achinje mnyama. Alilia, nasi tukalia naye. Akiba aliyoiweka miaka mingi ilikosa somo la nusu saa tu.

Jambo la pili ni sala. Vijana wengine huuliza: safari ya saa nne, iliyo ya starehe, yafaa kufupishiwa sala? Naam. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika pwani yetu, waliipima safari kwa masafa wala si kwa saa. Kiasi chake ni marhala mbili, yaani kilomita 80 na kidogo. Mwenye kuyavuka masafa hayo kwa muda mfupi ni msafiri vilevile, na rukhsa ya Mwenyezi Mungu haiondolewi na mwendo wa ndege.

Basi, enyi vijana, wazazi wenu wanapojiandaa kwa Hija, wasomeeni mambo haya nyumbani. Ogeni na jitayarisheni kabla ya kuondoka. Nguo za ihramu ziwe katika mkoba wa mkononi. Na nia itiwe mikati inapokaribia. Ndege hufupisha njia, lakini haifupishi wajibu.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuifikia Nyumba yake hali tunajua tunalolitenda. Amin.